Kusimuleti peleti kwenye hopa: anza na ndoo, kompyuta baadaye

Jamaa yangu mmoja ana kinu kidogo cha chakula cha ng'ombe huku Changamwe. Peleti zake ni vile vijiti vya mviringo vya unene wa milimita 6, na hopa yake ya chuma (lile pipa kubwa lenye mdomo mwembamba chini la kushushia peleti) ilikuwa inakwama kila baada ya magunia mawili matatu, kijana anapanda ngazi na nyundo anaigonga ubavuni mpaka zishuke. Akaniuliza kama naweza kuangalia kwa kompyuta shida iko wapi kabla hajaita fundi wa kuchomelea aje aikate. Nikafanya vile wengi hufanya mara ya kwanza, nikachukua chembe za duara, gololi tuseme, nikazipa uzito wa peleti nikazimwaga kwenye hopa ya ndani ya kompyuta, zikatiririka kama maji ya mfereji, hazikukwama ata sekunde moja. Na huku hopa ya ukweli bado inapigwa nyundo.

Basi hapa naandika njia yote niliyopita baada ya hapo, kwa yeyote anayetaka kusimuleti, yaani kuigiza kwa kompyuta, vitu vya umbo la silinda, iwe peleti za mifugo, peleti za mbao, makaa ya vifuu yaliyoshindiliwa, vidonge vya dawa, ata chaki. Nitatumia peleti moja kama mfano kutoka mwanzo hadi mwisho ili hesabu zifuatane: kipenyo milimita 6, urefu milimita 18, densiti 1200 kg/m³.

Kwa nini gololi zinakudanganya

Mbinu yenyewe inaitwa DEM (Discrete Element Method), ilitolewa na Cundall na Strack mwaka 1979, na wazo lake ni rahisi sana: kompyuta inafuata kila chembe moja moja, inaangalia imegusana na nani, inapiga hesabu ya nguvu ya kila mguso, inasogeza chembe kidogo tu, alafu inarudia tena, mara laki kadhaa. Kwa gololi kugusana ni jambo la kupima umbali kati ya vitovu viwili basi, ukiwa mdogo kuliko jumla ya nusu vipenyo, zimegusana. Tena ile nguvu ya kusukuma siku zote inapita kwenye kitovu cha gololi, kwa hivyo kinachoizungusha ni msuguano peke yake.

Silinda sivyo. Ina sehemu tatu, kichwa ambacho ni bapa, ubavu ambao ni mviringo, na ukingo pale kichwa na ubavu vinapokutana. Peleti mbili zaweza kugusana kichwa kwa kichwa, kichwa kwa ubavu, ubavu kwa ubavu zikiwa sambamba au zimepishana, ukingo kwa ubavu, ukingo kwa ukingo, na kila mguso una hesabu yake (Kodam na wenzake walizichambua moja moja mwaka 2010). Na nguvu ikiingia mbali na kitovu inaigeuza peleti. Ndio manake peleti ikisimama kwa kichwa haibingiriki, na ikilala juu ya mdomo wa hopa inakuwa daraja.

Watu wengi wanabaki na gololi alafu wanaongeza msuguano wa kubingirika mpaka lundo lifanane na lundo la ukweli. Mi naomba usifanye hivyo kama swali lako ni la kukwama. Utapata lundo zuri, pembe ileile kabisa, lakini ile namba umeilazimisha kwa lundo tu, ukiipeleka kwenye mdomo mwembamba haijui chochote kuhusu vijiti kujipanga au kulaliana.

Hatua ya kwanza: pima peleti zenyewe

Chukua peleti 100 bila kuchagua, zipime urefu na kalipa, zote, ata zile fupi zilizovunjika. Alafu zipime uzito kwa pamoja kwenye mizani ya jikoni ya dijitali. Peleti yetu ya mfano ina ujazo wa milimita za ujazo 509, kwa hivyo yapaswa kuwa gramu 0.61, na 100 ziwe gramu 61. Ukipata 55 ujue densiti yako si 1200, fuata mizani.

Urefu usiuweke mmoja. Gawa zile 100 kwenye makundi matatu au manne, tuseme milimita 9, 14, 18 na 24, uandike kila kundi lina peleti ngapi na uzito gani. Hapa pana mtego: programu nyingine zinataka mgao kwa idadi, nyingine kwa uzito, na peleti fupi zaweza kuwa nyingi kwa idadi huku uzito wake ni kidogo. Nshaona mtu akibadilisha hizo mbili, simulesheni yake ikajaa vipande vifupi vinavyotiririka vizuri kuliko kitu halisi.

Sasa ndoo. Chukua ndoo ya lita 10 ambayo umehakikisha kwa maji kwamba ni lita 10 kweli, mwaga peleti kutoka urefu wa kama mkono mmoja, sawazisha juu kwa rula bila kushindilia, pima uzito. Tuseme ni kilo 6.4, basi densiti ya rundo ni 640 kg/m³, ukigawa kwa 1200 unapata 0.53, yaani peleti zimejaza asilimia 53 na iliyobaki ni hewa. Andika hiyo namba mahali utaiona, ndio mtihani wa kwanza wa simulesheni yako.

Msuguano wa peleti na chuma: gundisha peleti tatu ubavu chini ya kipande cha kadibodi, kama miguu ya kigoda, ili zisibingirike. Weka juu ya bati lileile la hopa, si bati jipya linalong'aa, inua upande mmoja polepole mpaka kadibodi ianze kuteleza, pima pembe kwa simu. Ikiwa ni nyuzi 22, msuguano ni tangenti ya 22, yaani 0.40. Peleti kwa peleti fanya vivyo hivyo, ila badala ya bati weka ubao uliogundishwa peleti tele. Rudia mara kumi kila moja. Na fanya siku ambayo hewa ni ile ya kawaida ya kazi, manake hapa kwetu pwani wakati wa masika peleti zinavuta unyevu na bati lenyewe linakuwa na jasho, zile nyuzi zinabadilika waziwazi.

Kudunda kwa peleti kusikupotezee muda. Kwenye hopa iliyojaa chembe zimebanana, hazidundi. Ile namba ya mdundo (kasi baada ya kugonga ukigawa kwa kasi ya kabla) weka 0.3 au 0.4 uendelee.

Hatua ya pili: chagua umbo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na njia zinazotumika sana ni tatu.

Ya kwanza ni kugandisha gololi kadhaa ziwe mwili mmoja, kama mshikaki. Programu karibu zote huria zina hii, LIGGGHTS, YADE, MercuryDPM, na inafanya kazi vizuri kwa sababu mguso bado ni wa gololi kwa gololi, mwepesi. Shida zake ni mbili na zote zinapimika. Moja ni mabonde katikati ya gololi. Kwa peleti yetu ukiweka gololi 3 zinazogusana tu, bonde lina kina cha milimita 3, hiyo si silinda ni tasbihi. Gololi 5, zikiachana milimita 3 kitovu kwa kitovu, bonde ni milimita 0.4. Gololi 7 ni 0.17. Gololi 13 ni 0.04. Hayo mabonde yanashikana kama meno ya zipu, msuguano unaongezeka bila wewe kuuweka, kwa hivyo gololi 5 mi sizipendi kabisa, anza na 7. Ya pili ni ncha. Gololi za mwisho zinafanya kichwa kiwe cha duara badala ya bapa, unapata umbo la kapsuli, na ujazo wake ni milimita za ujazo 452 badala ya 509, umepoteza asilimia 11. Ukitaka uzito uwe sawa lazima upandishe densiti, lakini kichwa bapa hakitarudi, na peleti zako hazitasimama wima wala kuegemeana kichwa kwa kichwa.

Kingine, gololi zikiingiliana, ule ujazo wa maingiliano usihesabiwe mara mbili. LIGGGHTS inapima ujazo na inesha (ugumu wa kitu kuzungushwa) kwa kutupa nukta za bahati ndani ya umbo, kwa hivyo ongeza idadi ya majaribio alafu usome kwenye logi imepata uzito gani. Linganisha na hesabu ya mkono: kuzunguka mhimili wake mrefu inesha ni nusu ya uzito mara nusu kipenyo kipeo cha pili, ambayo kwetu ni 2.7 g·mm², na kupindukia kichwa kwa kichwa ni uzito mara (3r² + L²) gawa kwa 12, ambayo ni 17.9. Tazama hiyo tofauti, mara sita na nusu. Gololi yenye ujazo uleule, ambayo kipenyo chake ni milimita 9.9, ina 6.0 kila upande. Kwa hivyo peleti ni nyepesi kubingirika na nzito kupinduka, jambo ambalo gololi haiwezi kulionyesha ata ufanyeje.

Njia ya pili ni superkwadriki. Ni umbo moja la hesabu:

(|x/a|^n2 + |y/b|^n2)^(n1/n2) + |z/c|^n1 = 1

Kwa silinda unaweka n2 = 2 ili mkato uwe mviringo, a na b ni 3 (nusu kipenyo), c ni 9 (nusu urefu), na n1 ndio inaamua ukingo uwe mkali kiasi gani. Ikiwa 2 ni umbo la yai. Ikiwa 4 ukingo bado ni mviringo na ujazo umepungua asilimia 13, mbaya kuliko kapsuli. Ikiwa 8 umepungukiwa asilimia 4 tu na kichwa ni karibu bapa. Ukienda 20 na zaidi ukingo unakuwa kama wembe, na ile hesabu ya kutafuta mahali pa mguso inaanza kuhangaika, inachelewa au inakosa jibu kabisa na peleti zinarushwa juu bila sababu. Mi natumia 8. Kwenye LIGGGHTS lazima uwashe superkwadriki wakati wa kukompaili (kuijenga programu kutoka kwa msimbo wake), si kitu kilichowashwa tayari, na MFIX ya maabara ya NETL huko Marekani nayo inayo, unajiandikisha bure.

Ya tatu ni silinda ya kweli yenye kichwa bapa, au umbo la pande nyingi kama programu ya kulipia Rocky inavyofanya. Ukiwa nayo itumie. Wengi wetu hatuna, basi tusonge.

Uchague ipi? Angalia mahali peleti zako zinakwama zinagusana vipi. Nililala kifudifudi chini ya ile hopa ya Changamwe na tochi, na nilichoona ni peleti mbili ndefu zimeegemeana kama paa la makuti, kila moja ukingo wake umeshika kwenye kiungo cha kuchomelea, na juu yake zimelala nyingine tano sita sambamba. Ukingo ndio ulikuwa unabeba mzigo wote. Hapo kapsuli haifai, ncha yake ya duara ingeteleza. Nikaenda superkwadriki. Lakini kama swali lako ni peleti kwenye mkanda wa kusafirishia au ngoma inayozunguka taratibu, mshikaki wa gololi 7 utakutosha na utaokoa muda mwingi.

Hatua ya tatu: ugumu na hatua ya muda

Peleti halisi ni ngumu, modulasi ya Young (kipimo cha ugumu wa kitu) tuseme 1e9 Pa, yaani 1 na sifuri tisa, na kadiri kitu kilivyo kigumu ndivyo hatua ya muda, ule muda mfupi kati ya hesabu moja na inayofuata, inavyolazimika kuwa ndogo. Desturi ni kulainisha mpaka 1e7. Kipimo ni muda wa Rayleigh, yaani muda wa wimbi kupita juu ya uso wa chembe:

T = π·R·√(ρ/G) / (0.1631·ν + 0.8766)

R chukua milimita 3, ile nusu kipenyo, usichukue nusu ya urefu. ρ ni densiti, ν ni uwiano wa Poisson, 0.3, na G ni modulasi ya kukata, yaani ile ya Young gawa kwa 2(1 + ν). Kwa 1e7 G inakuwa 3.85e6, na T inatoka 1.8e-4 za sekunde, yaani 0.00018. Chukua asilimia 20 yake, 3.6e-5. Simulesheni ya sekunde 10 ni hatua laki mbili na themanini elfu hivi. Ungebaki na 1e9, hatua zingekuwa mara kumi zaidi, milioni 2.8. Ukilainisha mara 100 unaokoa mara 10.

Lakini usilainishe ukasahau. Soma peleti zinapenyana kiasi gani pale chini ya hopa kwenye mgandamizo mkubwa, isizidi asilimia 1 ya kipenyo, kwetu ni milimita 0.06. Alafu rudia run moja fupi na ugumu mara mbili, kama mtiririko haujabadilika uko sawa. Na kwa wale wa mshikaki, kumbukeni peleti ikilala ubavu juu ya bati inagusa kwa gololi 7 kwa wakati mmoja, ugumu na upunguzaji wa mdundo vinajumlika mara 7, kwa hivyo teremsha hatua ya muda hadi asilimia 10.

Hatua ya nne: hopa na kujaza

Chora hopa yako FreeCAD au popote, toa faili ya STL (umbo lililogawanywa kuwa pembetatu ndogo). FreeCAD inaandika kwa milimita na programu za DEM zinataka mita, usipozidisha kwa 0.001 utakuwa na hopa ya urefu wa mita elfu na peleti zinaanguka humo hazionekani tena. Na chora vile ilivyo kweli, kiungo cha kuchomelea kikiwa kimetokeza milimita 4 kichore kimetokeza milimita 4. Mi mwanzo nilichora kuta safi kabisa nikapoteza wiki nzima.

Gunia la kilo 50 ni peleti kama elfu 82. Kwa mshikaki wa 7 hizo ni gololi laki tano na sabini elfu, kwa 13 ni zaidi ya milioni. Laptopu ya kawaida itahema. Kama huna mashine kubwa jaza theluthi ya chini tu ya hopa, kwa sababu mtiririko wa mdomoni hautegemei sana urefu wa rundo juu yake, ila usishuke chini ya kimo cha mara mbili tatu ya upana wa mdomo.

Kila peleti iingie imeelekea upande wake, bahati nasibu, usizipange. Ziache zitulie kabisa kabla hujafungua mdomo.

Hatua ya tano: kalibresheni

Kalibresheni ni kurekebisha namba za kompyuta mpaka zijibu vipimo vya ukweli. Usiguse hopa bado. Simuleti ndoo kwanza. Ukipata 0.53 vizuri, ukipata 0.60 peleti zako zinateleza mno au umbo lako lina ncha laini. Pia pima mpangilio: chukua pembe ya kila peleti na wima, piga wastani wa (3cos² − 1)/2. Zikiwa zimeelekea ovyo ni 0, zikisimama zote ni 1, zikilala zote ni −0.5. Peleti zilizomwagwa hupenda kulala, kwa hivyo namba itoke hasi. Ikitoka chanya kuna kitu umekosea.

Alafu lundo. Mtu huchukua paipu ya inchi 4, zile za maji machafu zinauzwa kila duka la hadwea, anaiweka juu ya ubao, anaijaza, anaivuta juu polepole. Lundo la peleti si koni safi, lina mabega, basi piga picha pande nne na urudie mara tano uchukue wastani. Lakini lundo peke yake halitoshi, manake msuguano mdogo na umbo la mabonde vinaweza kukupa pembe ileile na msuguano mkubwa na umbo laini. Tengeneza na kisanduku cha plaiwudi chenye mlango wa kuvuta chini, hesabu kilo ngapi zimebaki ndani baada ya kufungua. Namba zako zikijibu ndoo, lundo na kisanduku, zote tatu bila kubadilisha chochote katikati, hapo ziamini. Ukibadilisha, badilisha msuguano wa peleti kwa peleti kwanza, ule wa bati ulishaupima.

Hatua ya sita: fungua mdomo

Kukwama ni bahati, peleti zilezile hopa ileile leo zinapita kesho zinakwama. Kwa hivyo run moja haina maana, fanya angalau tano zenye mbegu tofauti za bahati nasibu (ile namba inayoanzisha bahati nasibu ya kompyuta), na uhesabu ngapi zimesimama na baada ya kilo ngapi. Hifadhi faili za kuendelezea kila hatua elfu 20, stima ikipotea usiku usianze upya.

Kutazama matokeo tumia ParaView au OVITO. Kwenye ParaView silinda ya glifu, lile umbo linalochorwa badala ya kila chembe, inalala kwenye mhimili wa y wakati superkwadriki yetu urefu wake uko z, usipoigeuza nyuzi 90 utaona peleti zimepenyana vibaya na utadhani fizikia imeharibika. Paka rangi kwa pembe, si kwa kasi. Utaona peleti karibu na ukuta zinajipanga kufuata mwelekeo wa mtiririko, na pale katikati juu ya mdomo zinafika zimekatiza. Kwa hopa yetu, kwenye run tatu kati ya tano lile paa la makuti lilijengeka palepale kwenye kiungo.

Nikamwonyesha jamaa kwenye simu, akaniambia fundi asikate mdomo kwanza, asage kile kiungo kiwe laini. Nikakifuta kwenye mchoro nikarudia run tano, zikapita zote. Fundi akasaga Jumamosi. Jumatatu tulisimama na simu kupima gunia moja linatoka kwa sekunde ngapi, tukalinganisha na kompyuta, la kweli likawa polepole kidogo kwa sababu usiku ilinyesha na bati lilikuwa na unyevu, nikaenda kupima upya zile nyuzi 22 na zikawa 26. Saa hizi nina faili mbili za hopa hiyo, moja ya kaskazi na moja ya masika.